Mgeni Mwenye Kamba

Mnaniuliza kwa nini niliacha kazi mapema. Mtu wa miaka thelathini na tatu hastaafu, mnasema. Hata shikamoo bado anaitoa zaidi kuliko anavyoipokea. Ni kweli. Lakini ziko kazi zinazomzeesha mtu kabla ya mvi, na ninyi mnaojiandaa kuingia kwenye hii yangu mna haki ya kujua kilichomo ndani kabla hamjafunga mlango nyuma yenu. Nitawasimulia kwa kurukaruka. Woga haukumbuki mambo kwa mpangilio.

Kwa asiyeijua kazi ya afisa probesheni: mahakama inapotaka kumpa mtu kifungo cha nje, yaani atumikie adhabu kijijini kwake kwa kufyeka, kuchimba vyoo vya shule au kusomba mawe ya zahanati, hutumwa mtu akachunguze kwanza. Anakwenda gerezani, anakwenda kijijini, anakwenda kwa aliyetendewa. Anarudi na majibu ya maswali mawili. Mkosaji anajuta? Na wenzake watampokea? Mimi niliingia humo na shahada yangu na kozi moja ya falsafa ya maadili, nikapewa kiti kibovu katika chumba kidogo mjini Biharamulo, upande wa chini wa lile boma la Wajerumani. Swali langu la kwanza kwa mkuu wangu lilikuwa hili:

"Bi Zuhura, majuto yanapimwaje?"

Bi Zuhura alizaliwa mjini hapo hapo, katika ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuinua kichwa.

"Kwa debe," alijibu. "Yakizidi, tunachukua gunia."

Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananionya.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa mwizi wa mbuzi. Jamani, yule mtu alijua kulia. Alilia kwa mabega, akalia kwa pua, akamtaja marehemu mama yake mpaka na mimi nikatafuta leso. Nikapendekeza atumikie nje, akapangiwa usafi wa zahanati. Haikupita muda jembe la zahanati likapotea, na yeye akapotea nalo. Alipokamatwa alilia tena, kwa sauti ileile, na mama yuleyule akatajwa. Bi Zuhura alitafuta mpini mtupu wa jembe akautundika ukutani juu ya meza yangu. Kila nilipotaka kuandika neno "anajuta", niliuona.

"Machozi kila mtu anayo," aliniambia siku alipoona nimepata adabu ya kutosha. "Na usimpime mtu kwa macho. Mhangaza wa Ngara aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mkubwa wake. Msukuma anaweza kucheka kwa sababu ya aibu. Sikiliza habari anayokusimulia. Mwenyewe yumo? Wengi husimulia kosa lao kama mvua iliyowanyeshea njiani."

"Na kijijini, mama?"

"Kijijini usiulize wanamwonaje. Watakujibu unachotaka ili uondoke. Uliza mke wake moto ukimzimikia, ataomba kaa la moto nyumba gani."

Hilo lichukueni, ni la kweli. Jingine: pikipiki iacheni dukani, ingieni kwa miguu. Msianzie kwa mwenyekiti. Mkianzia kwake, kila mtu atakayefuata atakuwa anamnukuu yeye. Kuleni mnachopewa. Na siku hizi nasikia mnapiga simu. Mwenyekiti anatuma ujumbe, "jamii imemkataa", na kazi imeisha. Jamii haina namba ya simu. Nendeni.

Sasa Masanja.

Kijiji chenyewe kiko upande wa Bisibo. Jina lake nitaliacha, maana wenyewe bado wanaishi na habari hii. Wengi wao ni Wasukuma ambao wazazi wao walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga na Mwanza. Walikuja na ng'ombe, na walikuja na mwano. Mwano ni yowe. Likipigwa, kila mwanamume anayelisikia anaacha anachofanya, anachukua silaha iliyo karibu na kukimbia linakotokea, akipokea lile yowe kwa sauti yake ili wa mbali nao walisikie. Asiyekimbia ataulizwa kesho yake alikuwa wapi. Ni desturi iliyookoa mifugo na watu mara nyingi, msiidharau. Ila ina jambo moja: mtu anafika pale akiwa tayari ameamua. Miguu imemwamulia.

Asubuhi moja mgeni alionekana akipita kando ya mazizi, peke yake, kamba imezungushwa begani. Mgeni, mazizi, kamba. Mwano ukapigwa. Mgeni hakuwa mwizi. Alikuwa mkulima wa Murukulazo, kule Ngara, jina lake Misago. Walimwacha na jicho moja.

Polisi walipofika, kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu. Mtu mmoja tu alisimama akasema, "Nilimpiga." Huyo ndiye Masanja. Alipofikishwa mahakamani alikiri tena, na kwa sababu alikiri, hakuna shahidi aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa zaidi, kesi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Alipokuwa ametumikia sehemu ya kifungo, jina lake likaletwa mezani kwangu, chini ya ule mpini.

Nilimkuta gerezani, mtu mzima kunizidi, mikono mikubwa imelala juu ya magoti. Nikamwamkia, "Shikamoo." Askari aliyekuwa mlangoni akacheka. "Unamwamkia mfungwa, dada?" Masanja alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani, kisha akasema, "Marahaba."

Nikamwomba aeleze ilivyokuwa.

"Nilikuwa nafunga ndama. Nikasikia mwano, nikachukua fimbo. Zizi langu liko karibu na njia, kwa hiyo nilifika wa kwanza. Nilimpiga kwa nyuma. Akageuka, nikampiga hapa." Aligusa jicho lake.

"Na wengine?"

"Mkono wa mtu mwingine siujui. Najua wangu."

"Lakini hukuwa peke yako."

"Dada, umeniuliza nilichofanya mimi."

Nikamuuliza kama aliuona uso wa yule mgeni.

"Baadaye. Alipokuwa chini ndipo nikaona ni mtu."

"Kabla ya hapo alikuwa nini?"

"Kamba," akasema.

Chuoni tuliwahi kubishana jioni nzima kuhusu utu wa mtu: unatoka wapi, na je, unaweza kuondolewa? Nilikuwa upande wa waliosema hauondoleki. Nikiwa kwenye benchi la gereza nilianza kushuku. Huyu Misago alivuliwa utu wake kabla ya fimbo ya kwanza, pale watu walipotazama bega lake wasitazame uso. Fimbo zilifuata tu.

Nilimuuliza Masanja swali la mwisho, anaogopa nini akirudi nyumbani. Nilitarajia aseme kupigwa.

"Hilo ni dogo. Naogopa watanisalimia kama zamani, tukae, tuongee habari za mvua. Nitajuaje kama jambo lile lilitokea?" Kisha akaongeza, "Yule mtu hakuniona vizuri. Nilimtokea nyuma. Nataka anione."

Sikuandika kitu. Nilikuwa nimepata mtu aliyemo ndani ya habari yake mpaka shingoni.

Kijijini nilivunja kanuni yangu mwenyewe, kwa sababu mwenyekiti alinisubiri barabarani. Mzee Nkwabi: mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye mazizi makubwa kuliko yote pale. "Mwadila, binti," akanisalimu, akanipeleka kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Akaagiza niletewe michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Wanaume walijaa mmoja mmoja, wakasimama nyuma yangu badala ya mbele.

"Masanja hajuti," alisema Nkwabi.

"Mnajuaje, mzee?"

"Angekuwa anajuta, angenyamaza kama wenzake."

Watu wakaguna kukubali. Nilitazama nyuso zile nikatafuta aliyeshtuka kwa maneno hayo. Hakuna. Na hapo kiti kikaanza kunichoma, kwa sababu nilielewa wanachokiogopa. Hawakumwogopa Masanja kwa kuwa alipiga. Walimwogopa kwa kuwa alisema.

"Akirudi, hatuwezi kumlinda," mwenyekiti aliendelea, kwa upole uleule. "Vijana wana hasira. Andika hivyo."

"Hasira ya nini, mzee, kama hakuna aliyeona kitu?"

Kijana mmoja nyuma yangu akaniinamia. "Dada, pikipiki yako ina breki nzuri?"

Wengine wakacheka. Nkwabi hakucheka, wala hakumkemea.

Nilimwona Kabula, mke wa Masanja, kabla ya kuondoka. Nyumba yake ilikuwa pale pale katikati ya kijiji, lakini njia ya kuingia uani ilikuwa imeota majani. Nikauliza la Bi Zuhura: moto ukizimika?

"Natembea mpaka kijiji cha pili," alisema. "Hawajanitukana, usidhani. Wananipisha tu, kama mtu mwenye ukoma." Alikuwa anapepeta mtama na ungo haukusimama. "Ukitoka, inua macho utazame mapaa. Fimbo za siku ile ziko humo, zimechomekwa kwenye nyasi. Hakuna anayethubutu kuchungia ng'ombe nazo, hakuna anayethubutu kuzichoma. Wakiona moshi wa fimbo watajua ni ya nani."

Niliinua macho. Nilikuwa nimepita chini ya yale mapaa mara kadhaa bila kuona. Ncha moja hapa, ncha mbili pale, zimejitokeza kwenye nyasi kama mifupa ya samaki.

Pikipiki niliikuta dukani, magurudumu yote mawili hayana upepo. Mwenye duka alikuwa anapanga sabuni kwa bidii kubwa. Nikaisukuma. Jua lilikuwa bado juu, nashukuru kwa hilo, maana barabara ile inapita porini, na wanaume watatu walinifuata. Hawakusema neno. Nilipopunguza mwendo, walipunguza. Nilipoongeza, waliongeza. Waliniacha nilipofika lami, wakageuka, mmoja akanipungia mkono kwa adabu kama anayesindikiza mgeni.

Wiki iliyofuata nilikwenda Murukulazo.

Misago alikuwa shambani akipalilia maharage chini ya migomba yake. Alinisikia, akageuza kichwa chote kama kuku anavyofanya, ili jicho zima linipate. Alipojua natoka wapi alikaa chini.

"Wanasemaje? Mimi bado ni mwizi?"

Sikutaka kujibu. Pale kijijini hawakuwa na jina jingine kwake: yule mwizi. Waliokuwa wanakubali kwamba hakuiba walimwita yule mwizi ambaye hakuiba.

"Nimeelewa," alisema. Akachota maji kwenye kibuyu akanipa. "Dada, mimi nikiwa sokoni mtu akamwita mwenzake kwa sauti, natafuta pa kujificha. Juzi walikuwa wanaita gari la mihogo. Nikajikuta nimejificha nyuma ya mama muuza dagaa. Akaniuliza, 'Baba, unadaiwa?'" Alicheka. Mimi sikuweza.

Nikamuuliza ile kamba ilikuwa ya nini.

"Ya mtamba wangu! Tulipatana mnadani, tukabadilishana. Mwenzangu alichukua dume langu, mimi nikafuate mtamba nyumbani kwake. Kwetu nilifundishwa hivi: ukienda kuchukua ng'ombe wa mtu, nenda na kamba yako. Ukiondoka na kamba yake unaondoka na baraka ya zizi lake. Sikutaka kumpunguzia mwenzangu baraka." Akatema mate pembeni. "Heshima ndiyo iliyonitoa jicho."

"Huyo uliyepatana naye ni nani?"

"Hujui? Ni huyo mwenyekiti wao. Nilikuwa naenda kwake."

Nilishusha kibuyu.

"Alikuwepo, dada. Nilimwona kwa jicho hilihili lililobaki. Alifika anahema kama wengine, akanitazama, akanijua. Nikamwita. Nikasema, mzee, si ni mimi? Akanyamaza."

Na tangu hapo hakuna aliyemuuliza Misago neno hilo. Kesi ilikuwa imeisha kabla ya chakula cha mchana.

Nilirudi ofisini nikiwa na moto. Nilitaka Nkwabi ashtakiwe, nilitaka kijiji kizima kiitwe. Bi Zuhura alivua miwani.

"Ashtakiwe kwa kunyamaza? Nitajie kifungu."

"Kwa hiyo anayesema anafungwa, anayenyamaza anakuwa mwenyekiti?"

"Mwanafalsafa, hilo kaulize chuoni kwenu. Hapa tumeulizwa kuhusu Masanja. Arudi au abaki?" Akaegemea mbele. "Na sikiliza. Safari ile ulikosea, tukapoteza jembe. Ukikosea hapa, tutachukua maiti."

Sikulala vizuri siku zile. Kila hoja niliyoijenga niliibomoa mwenyewe. Kama jamii inamkataa, nina haki gani ya kuilazimisha? Lakini jamii ikiwa ndiyo mkosaji, maoni yake yana uzito gani? Na kama Masanja atauawa kwa sababu ya hoja yangu nzuri, hoja ile itanisaidia kumzika? Mwishowe kilichoniamulia hakikuwa hoja. Zilikuwa zile fimbo kwenye mapaa. Nilielewa kwamba kijiji kilimchomeka Masanja gerezani kama kilivyochomeka fimbo kwenye nyasi. Maadamu yuko kule, kosa liko kule. Nikaandika kwamba anajuta, na arudi. Kuhusu jamii niliandika kwamba inaogopa. Hakimu akakubali, akaamuru atumikie nje, achimbe vyoo vya shule ya kijiji chake.

Misago alikuwa amenisihi nimjulishe siku ya kumrudisha. "Mimi bado nina ng'ombe kule," alisema. Nikampigia simu nikamwambia siku, nikamwambia pia asije, nikarudia asije. Siku hiyo mimi na Masanja tuliposhuka kwenye basi, tulimkuta amekaa kwenye jiwe njia panda, kamba begani.

"Uliniambia nisije," alisema. "Sasa nimekuja. Tufanyeje?"

Masanja alitaka kupiga magoti. Misago akamkatalia. "Simama. Nina jicho moja, usinitume kukutafuta ardhini." Basi Masanja akamzunguka polepole, kutoka upande wa jicho bovu mpaka upande wa jicho zima, akasimama hapo, mikono wazi. Walitazamana kwa muda mrefu mpaka nikaona haya kuwepo.

"Nimekuona," Misago akasema. "Twende."

Sikusikia neno msamaha pale, na hata leo mtu akiniambia kila jeraha lina msamaha wake namtazama mara mbili. Lakini walitembea sambamba, na Masanja alikaa upande wa jicho bovu, akimwambia palipo na shimo.

Mtendaji wa kijiji, ambaye tulikubaliana atupokee njiani, alikuwa amezima simu. Tulivuka kijito. Tukaona mapaa ya kwanza. Sijui nani alituona, wala sijui aliona nini. Nadhani aliona kamba.

Mwano ukapigwa.

Nimejaribu mara nyingi kueleza sauti ile na nimeshindwa. Inaanza kwa mtu mmoja, unaweza kudhani anamwita mtoto. Kisha inapokelewa kushoto, halafu kulia, halafu nyuma yako ambako ulidhani hakuna nyumba, na kila inapopokelewa inakuwa karibu zaidi, mpaka huelewi tena kama inatoka kwa watu au kwenye ardhi. Misago alikaa chini palepale njiani. Hakuamua kukaa. Suruali yake ikalowa. Alikuwa anasema kitu kwa Kihangaza, kilekile, tena na tena.

Wakaja. Kutoka kwenye mihogo, kutoka kwenye mazizi, fimbo, mapanga, upinde mmoja. Masanja akamwinamia Misago, akachukua ile kamba, akaivaa begani mwake, akasimama mbele.

"Leo mwenye kamba ni mimi!" alipiga kelele kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie. "Haya!"

Wale wa mbele wakasita. Wa nyuma waliendelea kuja, wakawasukuma wa mbele. Nikamwona yule kijana wa breki, jasho usoni, fimbo imeinuliwa, macho hayatazami mtu yeyote. Nilijua hali ile. Walikuwa bado hawajafika. Miguu yao tu ndiyo iliyofika.

Ndipo Misago akainuka. Aliinuka kwa vipande, kwanza goti moja, kisha mkono juu ya mgongo wa Masanja. Akaitoa kamba begani mwa yule mtu.

"Nipe. Hii ni yangu," alisema. "Sikuibeba kuibia mtu, na wewe usiibebe kama mwizi." Akaivaa. Suruali mbichi, jicho moja, akageuza kichwa chote taratibu akiwapitia mmoja mmoja mpaka akampata aliyekuwa anamtafuta. Nkwabi alikuwa ndio kwanza anafika, anahema, mkono kifuani.

"Mwenyekiti, shikamoo," Misago akasema. "Dume langu halijambo?"

Watu wakamgeukia Nkwabi. Sijawahi kuona mtu mnene akiwa mdogo namna ile. Angeweza kukana. Sote tungemwamini, au tungejifanya tumemwamini, na mimi nisingetoka pale. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kisha akasema kitu.

"Umesemaje, mwenyekiti?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nimesema ni mgeni wangu."

Sauti ya mwanamke ikatoka kando ya njia. Kabula alikuwa amesimama na ungo wake.

"Na siku ile?"

Nkwabi alimtazama yeye, akamtazama Masanja. "Na siku ile pia," alisema. "Nilikuta wameshaanza. Anayemtetea mwizi huwa mwizi. Niliogopa." Akaketi chini kwenye vumbi, mzee mzima na mazizi yake, na hakuna aliyemwinua.

Hakukuwa na vilio wala kukumbatiana. Wengine waliweka fimbo chini, wengine waliondoka nazo wakitembea upesi. Mtamba alikuwa ameshazaa. Misago alimfunga ng'ombe kwa kamba yake, na mtu alipoleta kamba ya Nkwabi amfungie ndama, alikataa. "Hiyo ibaki kwenye zizi lake. Ndama atamfuata mama." Na kweli alimfuata.

Masanja alichimba vile vyoo mpaka akamaliza adhabu. Nkwabi alikuja siku moja, akachukua sururu, akachimba kidogo, akaondoka, hakurudi tena. Kabula aliniambia kuna nyumba zilianza kutoa fimbo kwenye mapaa na kupikia maharage mchana kweupe. Nyumba nyingine bado. Nilipokuwa naacha kazi, zilikuwa bado.

Hayo yote mnaweza kuyaita mafanikio. Bi Zuhura aliyaita hivyo; aliuondoa ule mpini ukutani. Lakini mliniuliza kwa nini niliacha, na kuna kitu nimekiruka kwa makusudi.

Ni pale Nkwabi alipokuwa ameketi vumbini. Misago aligeuza kichwa chake chote akaleta jicho lake kwangu, mimi niliyekuja kupima majuto ya watu. Akanisemesha taratibu, kama unavyomsemesha mgonjwa.

"Na wewe, dada. Weka chini."

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Nilikuwa nimeshika jiwe. Mpaka leo sijui nililiokota saa ngapi, wala lilikuwa la kumpiga nani.